Alba, albus, album: namna ya kusoma majina ya kisayansi ya mimea

Mpunga ni *Oryza sativa*. Kitunguu saumu ni *Allium sativum*. Zafarani ni *Crocus sativus*. Anayeyaona majina haya kwa mara ya kwanza hudhani kuna aliyekosea tahajia. Hakuna kosa. Neno la pili ni lile lile katika majina yote matatu, maana yake "kilichopandwa", yaani mmea wa shambani na si wa mwituni. Mwisho wake umebadilika kwa sababu ile ile inayotufanya tuseme mti mzuri, kiti kizuri na vyombo vizuri: nomino hutangulia, kivumishi huifuata, na kivumishi hakina uhuru wa kuvaa kinachotaka. Aliyekua na ngeli mdomoni tayari ana nusu ya ufunguo wa majina ya kisayansi. Nusu iliyobaki ni msamiati, nao si mkubwa kama unavyoogopwa.

Jina la spishi lina maneno mawili. La kwanza ni la jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu), ambalo daima huchukuliwa kama nomino ya umoja na huanza kwa herufi kubwa. La pili hubainisha spishi ndani ya jenasi hiyo na huandikwa kwa herufi ndogo hata likitokana na jina la mtu au la nchi. Yote mawili huandikwa kwa italiki. Kwa mimea inayotoa mbegu, mwanzo rasmi wa utaratibu huu ni *Species Plantarum*, kazi ya Mswidi Carl Linnaeus iliyotoka mwaka 1753. Jina lililotumika kabla ya hapo halidai haki ya kutangulia.

Kabla ya hapo jina lilikuwa sentensi. Mmea unaoitwa leo *Plantago media* ulijulikana kwa wasomi kama *Plantago foliis ovato-lanceolatis pubescentibus, spica cylindrica, scapo tereti*: Plantago yenye majani ya umbo kati ya yai na mkuki, yenye vinyweleo laini, suke refu la mviringo kama bomba na bua lisilo na pembe. Ni maelezo mazuri, lakini nani angeyatamka sokoni? Isitoshe, kila spishi mpya ilipogunduliwa, sentensi za jirani zake zililazimika kurefushwa ili zisichanganyike. Linnaeus aliziacha sentensi hizo kitabuni, ila pembeni mwa ukurasa akaweka neno moja la kukumbukia: *media*, "ya kati". Neno la pembeni ndilo lililoshinda. Likumbuke hilo, kwa sababu linaeleza mengi: neno la pili lilizaliwa kama lebo, na lebo haina wajibu wa kusema kweli.

Jinsia tatu badala ya ngeli

Nomino za Kilatini zina jinsia tatu: ya kiume, ya kike na isiyo na upande. Kivumishi cha "nyeupe" kwa hiyo huwa *albus*, *alba* au *album*. Tazama *Lupinus albus* (kiume), *Magnolia alba* (kike) na *Chenopodium album* (isiyo na upande). "Nyeusi" ni *niger*, *nigra*, *nigrum*: *Helleborus niger*, *Pinus nigra*, na pilipili manga, *Piper nigrum*.

Kanuni ya haraka ni kwamba jenasi inayoishia na -us ni ya kiume, -a ni ya kike, -um haina upande. Kanuni hii hufaa mara nyingi, na pale inapokataa hukataa kwa utaratibu. Kwanza ni miti. Warumi waliihesabu miti mingi kuwa ya kike hata pale jina lilipoishia na -us, na botania imeirithi desturi hiyo. Ndiyo maana mwaloni mweupe ni *Quercus alba*, si *albus*, na mti wa mpira wa mapambo ni *Ficus elastica*. Ila usiukimbilie mti wowote kwa kanuni hii. Fenesi ni *Artocarpus heterophyllus*, kwa mwisho wa kiume, ingawa ni mti mkubwa kabisa: jina lake si la Warumi bali limeungwa kutokana na Kigiriki *karpos*, "tunda", na majina yanayoishia na -carpus ni ya kiume bila kujali kimo cha mmea.

Pili ni maneno ya Kigiriki yanayoishia na -ma. Yanaonekana ya kike, kumbe hayana upande. Kakao iko katika jenasi *Theobroma*, "chakula cha miungu", na ndugu yake mwenye maua makubwa ni *Theobroma grandiflorum*. Uweke karibu na *Magnolia grandiflora*: kivumishi ni kimoja, jenasi zote zinaishia na -a, lakini miisho imetofautiana. Majina ya -dendron, "mti", nayo hayana upande, na hivyo tuna *Rhododendron ponticum*.

Baadhi ya vivumishi vina sura mbili tu. *Vulgaris*, "ya kawaida", hutumika kwa kiume na kike, na *vulgare* kwa isiyo na upande: maharage ni *Phaseolus vulgaris*, shayiri ni *Hordeum vulgare*. *Officinalis* na *officinale* hufuata njia hiyo hiyo, nayo ni maneno yanayostahili kukaririwa kwa sababu yanatoa habari: *officina* ilikuwa chumba cha kutengenezea na kuhifadhi dawa, hivyo mmea wenye neno hili ulikuwa kwenye rafu ya mganga. Tangawizi ni *Zingiber officinale*. Vingine vina sura moja kwa jinsia zote, kama *bicolor*, "yenye rangi mbili", kwenye mtama, *Sorghum bicolor*.

Halafu kuna neno la pili ambalo si kivumishi kabisa bali nomino nyingine iliyowekwa kando ya ya kwanza. Hilo halipatani na chochote. *Theobroma cacao* na *Allium cepa* (kitunguu maji) ni mifano yake. Anayejaribu "kusahihisha" *cepa* iwe *cepum* anafanya kosa la mtu anayesema "kijana kidaktari" badala ya kijana daktari.

Majina ya watu

Mmea ukipewa jina la kumheshimu mtu, neno la pili huwa katika hali ya kumiliki, "-a fulani". Jina la mwanamume linaloishia na konsonanti huongezewa -ii: *Berberis thunbergii*, ya Thunberg. Likiishia na -er huongezewa -i moja tu: *Iris hookeri*. La mwanamke hupata -iae, kama *Lilium mackliniae*, na watu zaidi ya mmoja hupata -orum au -iorum. Herufi i mbili za *thunbergii* si pambo. Zote huandikwa na zote hutamkwa. Lebo nyingi za vitalu huangusha moja, na kosa hilo humponza anayetafuta mmea kwenye hifadhidata inayodai tahajia kamili.

Jina la mtu pia linaweza kugeuzwa kivumishi, na hapo upatanisho hurudi: *Salix hookeriana* ni ya kike kwa sababu *Salix*, mti wa Warumi, ni ya kike.

Kigiriki ndani ya vazi la Kilatini

Sarufi ya majina haya ni ya Kilatini, lakini sehemu kubwa ya viungo ni ya Kigiriki. Kigiriki hukubali kuunganisha maneno kwa urahisi ambao Kilatini hakina, kwa hiyo aliyetaka kusema mambo mawili kwa neno moja alikimbilia huko. Alizeti ni *Helianthus*: *helios*, jua, na *anthos*, ua. Mkaratusi ni *Eucalyptus*: *eu*, vizuri, na *kalyptos*, iliyofunikwa, kwa sababu chipukizi la ua lina kifuniko kinachodondoka ua linapofunguka. Karanga ni *Arachis hypogaea*, na *hypogaea* ni "ya chini ya ardhi". Ua likishachavushwa, kikonyo chake hurefuka na kuliingiza tunda udongoni. Aliyelibuni neno hilo alikuwa ameangalia vizuri.

Matokeo yake ni kwamba karibu kila wazo lina maneno mawili, moja la kila lugha. Jani ni *folium* kwa Kilatini na *phyllon* kwa Kigiriki. Ua ni *flos* (shina lake *flor-*) na *anthos*. "Kubwa" ni *grandi-* na *macro-*. "Nyembamba" ni *angusti-* na *steno-*. "Nyeupe" ni *albi-* na *leuco-*, "nyekundu" ni *rubri-* na *erythro-*. Kubeba au kuzaa ni *-fer* na *-phorus*. Desturi njema ni kutochanganya nyuzi: *grandifolia* ni Kilatini kitupu, *macrophylla* ni Kigiriki kitupu, na yote mawili ni "yenye majani makubwa". Si dhambi kubwa kuchanganya, hata hivyo. Mwembe ni *Mangifera*, "mzaa maembe", ambapo neno lililotoka lugha za India limeshonewa kitenzi cha Kilatini, na mti hauonekani kulalamika.

Ukitaka kujua pa kukata neno refu, tafuta irabu unganishi. Kilatini huunga kwa -i-, Kigiriki huunga kwa -o-. *Grand-i-flora*, *nuc-i-fera* (mnazi, *Cocos nucifera*, "yenye kuzaa kokwa"), lakini *heter-o-phyllus*, "yenye majani yasiyofanana". Sehemu ya pili ya Kigiriki ikianza na irabu, -o- hudondoka, ndiyo maana tuna *leucanthus* na si *leucoanthus*. Kata hapo, kisha tambua lugha, kisha utafute maana. Anayeanza na maana kabla ya kukata huishia kusoma *Lycopersicum* kama kitu cha Uajemi tu, akamkosa *lykos*, mbwa mwitu, aliyejificha mwanzoni. *Solanum lycopersicum*, nyanya, ni "pichi la mbwa mwitu".

Miisho michache ya kukariri itakulipa haraka. *-oides* ni "mfano wa". *-ensis* (na *-ense*) ni "ya mahali fulani". *-osus* ni "-ingi": nanasi ni *Ananas comosus*, lenye nywele nyingi, kwa ajili ya shungi la majani kichwani. *-escens* ni "inayoelekea kuwa", hivyo *rubescens* si nyekundu bali inaanza kuwa nyekundu. *-cola* ni "mkazi wa".

Kupe, kunguni na makorongo

Mbarika ni *Ricinus communis*. *Ricinus* ni kupe kwa Kilatini. Chukua mbegu moja ya mbarika, iliyovimba, yenye madoa na kichwa kidogo mbele, na hutahitaji maelezo zaidi. *Coreopsis*, ua la bustani linalopendwa, ni "sura ya kunguni", kwa *koris* na *opsis*, tena kwa sababu ya mbegu. *Myosotis* ni sikio la panya, kwa umbo na ulaini wa jani. *Orchis*, iliyozaa jina la okidi zote, ni korodani, na lawama ni ya viazi viwili vya mviringo chini ya shina.

Jenasi tatu za familia moja zimegawana ndege: *Geranium* ni ya *geranos*, *Pelargonium* ni ya *pelargos*, *Erodium* ni ya *erodios*, ndege watatu wa midomo mirefu ambao wengi wetu tungewaita korongo na kuendelea na safari. Tunda la mimea hii lina mdomo mrefu uliochongoka, na wataalamu walipoigawa jenasi moja ya zamani waliona ni vyema kugawa na kundi la ndege.

Msufi una jina linalohitaji kisa cha Linnaeus. *Ceiba pentandra* ni "yenye wanaume watano". Linnaeus aliipanga mimea kwa kuhesabu viungo vya uzazi vya ua, stameni, nyuzi zinazobeba chavua, aliziita waume, na madaraja yake 24 mengi yalibeba hesabu hiyo: Monandria, mume mmoja, Diandria, waume wawili, na kuendelea. Mpango wenyewe umeachwa zamani kwa sababu uliweka pamoja mimea isiyohusiana, lakini *-andra* na hesabu zake zimebaki kwenye majina. Fungua ua la msufi uhesabu. Ziko tano.

Jina linapodanganya

Mkwaju ni *Tamarindus indica*. Neno la kwanza ni Kiarabu, *tamr hindi*, "tende ya Kihindi", na la pili ni "ya India". India imetajwa mara mbili kwa mti ambao asili yake ni Afrika ya kitropiki. *Prunus persica*, mpichi, asili yake ni China. *Asclepias syriaca* ni ya Amerika Kaskazini na haijawahi kuwa ya Syria.

Ulaghai mwingine ni mgumu zaidi kuuona. Majina mengi ya jenasi yalichukuliwa kutoka kwa waandishi wa kale kama Theophrastus na Dioscorides, kisha yakapewa mimea ambayo hao hawakuiona kamwe. *Kaktos* ya Theophrastus ilikuwa mmea wa miiba wa Sisili. Leo neno hilo ni la mimea ya Amerika. *Zea* ilikuwa nafaka ya Wagiriki. Leo ni mahindi, yaliyovuka bahari karne nyingi baadaye. Neno likiwa la kale haimaanishi kwamba mmea ulijulikana kale, na makala nyingi za "historia ya mimea" hujikwaa hapo.

*Capsicum annuum* ni kosa la aina nyingine. *Annuum* ni "ya mwaka mmoja", na katika nchi za baridi pilipili hufa kila majira ya baridi. Pasipo na jalidi mmea huo huo huishi miaka kadhaa. (Angalia pia u mbili: *annuus*, *annua*, *annuum*. *Annum* yenye u moja ni kosa linalotembea sana.)

Je, majina haya yasisahihishwe? Kanuni za kimataifa za botania zinakataa waziwazi: jina halifutwi kwa sababu tu halifai au linapotosha. Kazi yake ni kuelekeza kidole kwenye mmea mmoja, na kidole kikihamishwa kila mtaalamu anapogundua jambo, hakuna atakayejua kinaelekea wapi.

Kwa nini basi yanabadilika?

Majina hubadilika pale uhusiano wa mimea unapoeleweka upya, si pale maana inapochukiza. Jenasi *Saintpaulia*, iliyopewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire aliyeikuta Usambara, ilielezwa na Hermann Wendland mwaka 1893. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba imo ndani ya jenasi *Streptocarpus*, "tunda lililosokotwa", na *Saintpaulia ionantha* ikawa *Streptocarpus ionanthus*. Kwa nini -a imegeuka -us unajua sasa. Jina kamili huandikwa *Streptocarpus ionanthus* (H.Wendl.) Christenh.: aliye ndani ya mabano ndiye aliyelitoa neno la spishi kwanza, aliye nje ndiye aliyelihamisha. Mabano hayo ni hati ya uhamisho, na ukiyaona ujue mmea una jina la zamani la kutafuta kwenye vitabu vya zamani.

Wakati mwingine neno la pili haliwezi kuhama. Rozmari ilikuwa *Rosmarinus officinalis*, kutoka *ros marinus*, "umande wa bahari". Ilipoingizwa katika jenasi *Salvia*, ilikuta *Salvia officinalis* tayari ina mwenyewe, na majina mawili hayawezi kukaa kiti kimoja. Ikawa *Salvia rosmarinus*. *Salvia* ni ya kike, *rosmarinus* inaonekana ya kiume, na hakuna kosa: ni nomino iliyowekwa kando, kama *cacao*.

Mgogoro mkubwa ulikuwa wa *Acacia*. Jina lilitoka Kigiriki *akakia*, neno ambalo kwa kawaida huhusishwa na *akis*, ncha kali, nalo lilihusu miti ya miiba ya Afrika. Jenasi ilipoonekana kuwa ni kadhaa, ilibidi kundi moja libaki na jina. Mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005 ulilipa kundi la Australia, lenye spishi takribani 1,000, ili majina machache zaidi yabadilike, na mkutano wa Melbourne wa 2011 haukuutengua uamuzi huo. Miti ya Afrika ikagawanywa hasa kati ya *Vachellia* na *Senegalia*. Kwa hesabu za makaratasi ni busara. Kwa sikio la Mgiriki ni kichekesho, kwani spishi nyingi za Australia hazina miiba.

Ukiandika mwenyewe

Taja jenasi kwa ukamilifu mara ya kwanza. Baada ya hapo herufi moja yatosha, *S. officinalis*, mradi makala haina jenasi nyingine inayoanza na herufi hiyo. Kifupisho sp. ni spishi moja isiyotambuliwa, spp. ni spishi kadhaa, na vyote havilazwi kwa italiki. Chotara huwekewa alama ya kuzidisha, si herufi x: stroberi ni *Fragaria* × *ananassa*. Aina iliyozalishwa na wakulima huandikwa kwa herufi za kusimama ndani ya alama moja za kunukuu, kama *Malus domestica* 'Gala'. Tangu 1959 aina mpya za namna hiyo haziruhusiwi kupewa jina la Kilatini, jambo linalosaidia kutambua kipi ni spishi na kipi ni kazi ya mkulima.

Kuhusu matamshi hakuna mahakama. Tamka kila irabu kama ya Kiswahili, *ph* kama f, *ch* ya Kigiriki kama k, na utaeleweka na wataalamu wa nchi nyingi.

Tangu 2012 si lazima tena kueleza spishi mpya kwa Kilatini. Kiingereza kinakubaliwa pia. Jina lenyewe, hata hivyo, bado ni la Kilatini na bado linapatana. Julai 2024, wataalamu waliokutana Madrid walipiga kura kuhusu neno *caffra*, lililotokana na Kiarabu *kafir*, kafiri, ambalo kusini mwa Afrika liligeuka tusi dhidi ya watu weusi. Kwa kuwa jina halifutwi kwa kutofaa tu, njia iliyotumika ni ya tahajia: herufi c iliondolewa katika majina zaidi ya 200 ya mimea, kuvu na mwani, na neno likasogea karibu na *afra*, "ya Afrika". *Erythrina caffra*, mti wa maua mekundu kama *erythros* ya jenasi yake inavyosema, sasa huandikwa *Erythrina affra*. Mwisho wa -a haukuguswa, kwa kuwa *Erythrina* ni ya kike.